Shajara ya mradi: kupachika vitegemezi katika klasi za aksheni za mfumo wa mizani ya mwani, Pemba

Jumatatu, maji mafu

Shajara hii naipanga kwa maji na si kwa tarehe, kwa sababu mfumo tunaoutengeneza hufuata maji. Wakulima wa mwani wa ushirika huu huvuna wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mashamba kubaki wazi. Mwani huanikwa siku mbili au tatu, na baada ya hapo magunia huteremka kwenye mizani ya Tumbe, Kiuyu, Makangale na Kisiwa Panza karibu kwa wakati mmoja. Katika maji mafu, yaani siku maji yasipokupwa mbali, makarani huingiza gunia moja moja na programu hutulia kana kwamba haina kasoro. Kosa lolote linalohitaji watu wawili kwa wakati mmoja ndipo litokee hujificha wiki nzima, kisha hujitokeza siku ile ile ambayo wakulima wamesimama juani wakisubiri stakabadhi zao.

Leo nimemaliza kuusoma msimbo tuliorithi. Mfumo unaendeshwa kwa Java 11 juu ya seva ya Tomcat 9, fremuweki, yaani kiunzi cha programu, ni Struts 6, na hifadhidata ni MySQL. Klasi za aksheni, yaani zile zinazopokea fomu ya karani, kuikagua na kuamua ukurasa gani arudishiwe, ziko 23. Kila aksheni hujiundia yenyewe huduma inazozihitaji kwa neno new: huduma ya wakulima, huduma ya bei, huduma ya stakabadhi, na nyinginezo hadi 17. Kila huduma nayo ina hodhi lake la miunganisho ya hifadhidata, lililotangazwa static, ambalo huamka huduma hiyo inapoguswa kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo hesabu ilipojieleza. HikariCP, maktaba inayosimamia mahodhi hayo, usipoiwekea idadi, hujaza miunganisho 10 katika kila hodhi na kuiacha wazi hata kama hakuna anayeitumia. MySQL, usipoibadilisha, huruhusu miunganisho 151 kwa jumla. Mahodhi 15 ya kwanza huchukua 150, hodhi la 16 huambulia mmoja, na huduma ya 17 ikiamka hukuta mlango umefungwa. Siku za kawaida huduma zote 17 haziguswi. Siku za mizani huguswa zote kabla ya adhuhuri. Kwa miezi kadhaa sisi tulidhani tatizo ni mtandao, na makarani walikuwa wakiambiwa wazime simu na kuziwasha upya. Inaniuma kwamba tuliwaambia hivyo, kwa sababu wao walikuwa wakisema kweli tangu siku ya mwanzo.

Ningeweza kupunguza idadi katika kila hodhi na kuondoka. Lakini ugonjwa hauko kwenye idadi. Uko kwenye aksheni kujiundia vitu ambavyo haikupaswa kuvimiliki.

Alhamisi, maji mafu

Tumekubaliana, mimi na mwenzangu wa ofisi ya Chake Chake, kwamba klasi za aksheni zisiunde tena huduma yoyote; zikabidhiwe. Njia hii huitwa upachikaji wa vitegemezi. Martin Fowler alilipa wazo hili jina linalotumika hadi leo katika makala aliyoiandika Januari 2004, na fremuweki ya Spring 1.0, iliyotoka Machi mwaka huohuo, ilikuwa tayari imejengwa juu yake. Sisi tumechagua Spring 5.3, kwa kuwa Struts ina programu-jalizi yake rasmi ya kuungana nayo na kwa kuwa toleo hilo linakubali Java tuliyonayo.

Katibu wa ushirika alitaka kujua kwa nini tunagusa kitu ambacho kinafanya kazi. Nilimweleza kwa mfano wa kamba. Mkulima hasokoti kamba wala hachongi vigingi kila anaposhuka pwani. Ushirika humkabidhi, naye hushughulika na kufunga mbegu. Aksheni nayo tunataka iwe hivyo, ikabidhiwe huduma zake na ishughulike na fomu iliyo mbele yake. Bibi katibu akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwanangu, huyo anayegawa kamba naye ajue nani kachukua nini, na ipi ya kurudishwa." Nimeliandika neno lake hapa kwa sababu ndilo swali lenyewe la mradi huu: anayegawa ni nani, anagawa lini, na anachogawa ni cha mtu mmoja au ni cha wote.

Usanidi wenyewe ulikuwa mfupi. Tumeongeza faili la jar la struts2-spring-plugin, toleo lake likiwa sawasawa na la Struts yenyewe. Katika web.xml tumemtangaza msikilizaji ContextLoaderListener, ambaye huamka pamoja na programu na kuanzisha kontena la Spring, yaani sehemu inayounda na kugawa vitu, kutoka faili la applicationContext.xml lililomo ndani ya WEB-INF. Tomcat huwaamsha wasikilizaji kabla ya vichujio, hivyo kichujio cha Struts, StrutsPrepareAndExecuteFilter, kinapoanza kazi hukuta kontena liko tayari. Programu-jalizi yenyewe huiambia Struts kwamba kuanzia sasa vitu vyote viundwe kupitia StrutsSpringObjectFactory, na hakuna haja ya kuandika agizo hilo kwa mkono, ingawa mafunzo mengi ya zamani huliandika.

Ndani ya applicationContext.xml tumetangaza hodhi moja tu la miunganisho na huduma 17 zinazoshirikiana hodhi hilo. Miunganisho 170 iliyokuwa ikidaiwa imekuwa 10. Nilipoliona hilo kwenye orodha ya MySQL nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, maji yanaanza kukua

Programu-jalizi, isipoambiwa vinginevyo, hupachika kwa jina. Aksheni ikiwa na metodi ya kuwekea iitwayo setHudumaYaBei, Spring hutafuta bini, yaani kitu kinachosimamiwa na kontena lake, yenye jina hudumaYaBei na kuiweka hapo. Ni wepesi unaovutia: hatukuandika chochote zaidi ya majina, na aksheni 20 kati ya 23 zikafanya kazi papo hapo.

Tatu hazikufanya. Katika applicationContext.xml nilikuwa nimeandika hudumaStakabadhi, na katika aksheni hizo metodi iliitwa setHudumaYaStakabadhi. Silabi moja, "Ya", ilikuwa imeanguka. Spring haikulalamika. Ilitafuta bini ya jina lile, haikuiona, ikaacha kigeu kikiwa tupu na kuendelea na safari yake. Programu ikaamka vizuri, kurasa zikafunguka, na NullPointerException ikatokea pale tu nilipobonyeza kitufe cha kuchapisha stakabadhi. Kama nisingekibonyeza mimi, angekibonyeza karani. Kwangu huo ni upungufu mkubwa wa njia hii: kosa la herufi hugeuka kuwa ukimya.

Kwa hiyo tumeamua kupachika kupitia konstrakta, yaani metodi inayoitwa kitu kinapoundwa. Kila aksheni inataja huduma zake kama vigezo vya konstrakta, na vigeu vinavyozihifadhi vimetangazwa final. Haiwezekani tena kuwapo kwa aksheni iliyokosa huduma, kwa sababu isipokabidhiwa haizaliwi. Spring hutupa hitilafu inayotaja ni kigezo kipi kilichokosekana. Kuna faida nyingine niliyoigundua njiani: aksheni moja ilipoandikwa upya ikawa na vigezo tisa, nikaona kwa macho kwamba ilikuwa ikifanya kazi za aksheni tatu. Tumeigawa.

Niweke hapa pia mtego mmoja wa majina, kwa atakayekuja baada yetu. Struts ina kontena lake dogo la ndani, lililotokana na kazi ya mapema ya Bob Lee, yule aliyeiandika Guice, maktaba nyingine ya upachikaji, na kontena hilo lina alama yake ya @Inject. Mwenzangu aliiandika alama hiyo juu ya huduma yetu akidhani ni ile ya javax.inject, kwa kuwa kihariri kilimpendekezea ile ya com.opensymphony.xwork2.inject kwanza. Jibu likawa "No mapping found for dependency", kwa sababu kontena la ndani la Struts lilikuwa likiulizwa habari za huduma ambayo Spring peke yake ndiyo inayoijua. Jina moja la alama, makontena mawili. Tumeweka sheria kwamba alama ile ya Struts isionekane kabisa katika msimbo wetu.

Jumanne, kuamkia bamvua

Ili kila kitu kionekane mahali pamoja, aksheni zote nimezitangaza nazo kuwa bini ndani ya applicationContext.xml, na katika struts.xml sifa ya class haitaji tena jina refu la klasi bali jina la bini, kwa mfano class="aksheniUpokeaji". Nimezijaribu zote, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta yangu. Zote zimepita. Jioni tumeliweka toleo hili kwenye seva.

Jumapili, siku ya mizani

Naandika usiku, na naandika kwa utaratibu, kwa sababu yaliyotokea leo yanagusa fedha za watu.

Saa nne kasorobo asubuhi karani wa Tumbe alipiga simu. Alikuwa ameandika gunia la spinosamu, aina mojawapo ya mwani, kuwa kilo 385 akikusudia 38.5, na fomu ikamkatalia kwa ujumbe sahihi kwamba uzito umezidi kilo 100 kwa gunia. Akarekebisha, akaweka nukta mahali pake, akabonyeza tena. Ujumbe ule ule. Akaifuta fomu yote na kuanza upya. Ujumbe ule ule. "Kaka, nimeandika thalathini na nane nukta tano, nakusomea herufi kwa herufi, nayo yanambia mia imezidi," alisema, na nyuma yake nilisikia sauti za watu wakiuliza foleni imekwama kwa nini. Dakika chache baadaye karani wa Kiuyu akapiga. Yeye hakuwa amekosea kitu chochote. Alifungua fomu mpya, akaingiza gunia la kilo 41, na fomu ikamwambia uzito umezidi kilo 100.

Niliizima seva na kuiwasha. Kila kitu kikapona. Baada ya nusu saa, karani wa Makangale akakosea herufi moja katika namba ya mkulima, na vituo vyote vinne vikafungiwa nje kwa pamoja.

Hapo niliweka mstari mmoja wa msimbo mwanzoni mwa aksheni ya upokeaji, unaoandika kwenye logi namba ya utambulisho wa kitu chenyewe kwa System.identityHashCode. Nilitarajia kila ombi lilete namba yake. Logi ilileta namba moja, ileile, kwa Tumbe, kwa Kiuyu, kwa Makangale na kwa Kisiwa Panza. Makarani wanne walikuwa wakiandika ndani ya aksheni moja.

Sababu ni hii, na nataka iandikwe kikamilifu. Struts 2 na matoleo yaliyoifuata, yakiachwa yenyewe, huunda aksheni mpya kwa kila ombi, na ndiyo maana aksheni zake huruhusiwa kubeba vigeu: uzito, namba ya mkulima, aina ya mwani, na orodha ya makosa ya fomu. Spring ina desturi iliyo kinyume: bini yoyote isiyotajiwa muda wa uhai huwa singletoni, yaani huundwa mara moja na kugawiwa wote. Nilipozitangaza aksheni kuwa bini bila kuandika muda wa uhai, niliuondoa uamuzi kwa Struts na kumpa Spring, na Spring ikafuata desturi yake. Kosa la fomu huandikwa ndani ya aksheni yenyewe. Kabla ya kuita kazi ya kuhifadhi, kizuizi cha Struts kinachoitwa workflow huiuliza aksheni kama ina makosa, na ikiwa nayo humrudisha mtu kwenye fomu. Aksheni ikiwa ni moja isiyokufa, kosa la mtu mmoja hubaki ndani yake daima, na kila anayekuja humrithi aliyemtangulia.

Wala hilo la kukataliwa silo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu fomu inayokataa haiharibu kumbukumbu. Hofu ni kabla ya kukataa. Tangu saa mbili asubuhi hadi simu ya kwanza, fomu zilikuwa zikikubaliwa. Aksheni ikiwa ya pamoja, thredi ya Tumbe, yaani mkondo wa seva unaoshughulikia ombi lake, inaweza kuweka namba ya mkulima wake, na kabla haijahifadhi, thredi ya Kiuyu ikaweka uzito wa gunia lake juu ya ule wa Tumbe. Kinachohifadhiwa ni mkulima wa Tumbe na gunia la Kiuyu.

Struts ya kwanza, ile iliyofikia mwisho wa kuhudumiwa mwaka 2013, ilikuwa na aksheni moja kwa wote, na walioandika kwa ajili yake walijua kwamba hawatakiwi kuweka kigeu chochote ndani. Sisi tulikuwa na vigeu vya Struts ya leo na uhai wa Struts ya zamani.

Tiba ni maneno machache: scope="prototype" juu ya kila bini ya aksheni, yaani iundwe mpya kila inapoombwa. Nimeyaandika saa saba na robo mchana, nikaweka toleo jipya, na logi ikaanza kuleta namba tofauti kwa kila ombi.

Jumatatu

Siku nzima tumelinganisha kumbukumbu za jana na daftari la mizani la kila kituo. Makarani bado huandika daftari la karatasi sambamba na mfumo, na leo nimeshukuru kwamba hatukuwahi kuwashauri waache. Rekodi sita zilikuwa na uzito wa mtu mwingine. Mmoja wa waliopunguziwa ni mama wa Kisiwa Panza aliyepeleka kotonii, aina nyingine ya mwani, ambayo bei yake iko juu ya spinosamu na ambayo ni taabu kuikuza kwa kuwa joto la maji huiua. Mfumo ulimwandikia gunia la kilo 17 badala ya kilo 52. Rekodi zote sita zimerekebishwa, stakabadhi mpya zimechapishwa, na tumemwomba radhi kila mmoja kwa simu, kwa jina lake.

Kwa nini sikuliona kosa hili nilipojaribu? Nilikuwa peke yangu, nikiingiza takwimu sahihi, na kila nilipobadilisha msimbo niliiwasha seva upya. Singletoni inayotumiwa na mtu mmoja asiyekosea haina tofauti yoyote na prototaipu. Majaribio yangu yalikuwa majaribio ya maji mafu.

Jumatano, maji mafu

Leo ni fupi. Huduma ya malipo inahitaji muamala: stakabadhi na salio la mkulima viandikwe pamoja au visiandikwe kabisa. Mwenzangu aliiweka alama ya @Transactional juu ya aksheni yenyewe. Mara fomu ikaacha kupokea takwimu, na metodi ya hifadhi ikawa "haipo".

Spring ikiona alama hiyo huizungushia bini proksi, yaani kitu kinachosimama mbele yake na kupokea maombi kwa niaba yake, na bini ikiwa inatekeleza intafesi (orodha ya metodi inazoahidi), kwa kawaida proksi hiyo huonyesha metodi za intafesi tu. ActionSupport, klasi mama ya aksheni zetu, hutekeleza intafesi kadhaa; metodi zetu za kuwekea uzito na namba ya mkulima hazimo hata katika moja. Struts ilikuwa ikizungumza na barakoa isiyo na mdomo tunaouhitaji. Upo uwezekano wa kuilazimisha Spring itumie proksi ya klasi nzima, lakini hatukuutaka. Mahali pa muamala ni kwenye huduma, maana huko ndiko kanuni za fedha zinakokaa. Tumeuhamishia huko, na aksheni imebaki wazi.

Jumamosi

Tangu Jumapili ile sijatulia kuhusu jambo la pili katika neno la Bibi katibu, kile kilicho cha wote. Huduma ya bei ni singletoni, na inastahili kuwa hivyo: inashika bei ya leo ya spinosamu na ya kotonii, inayosomwa na vituo vyote. Nilipopitia aksheni za zamani niliona kwamba saba kati yake zina metodi ya kutolea huduma, getHudumaYaBei, iliyowekwa ili ukurasa wa JSP uweze kuisoma bei moja kwa moja.

Kwenye seva ya majaribio nikafungua ukurasa wa upokeaji, na mwishoni mwa anwani katika kivinjari nikaongeza hudumaYaBei.beiYaSpinosamu=1. Nikabonyeza. Kisha nikafungua kivinjari kingine, kwa jina la karani mwingine, nikatazama bei ya spinosamu. Ilikuwa shilingi 1.

Nilikaa kimya kwa muda mbele ya ile namba. Struts huchukua kila parameta inayokuja na ombi na kujaribu kuiweka ndani ya aksheni, ikifuata nukta kama njia. Ilipokuta nukta iliita metodi ya kutolea, ikapewa huduma halisi iliyopachikwa na Spring, kisha ikaita metodi ya kuwekea bei juu yake. Huduma ikiwa ni ya wote, bei ikabadilika kwa wote, bila nenosiri la msimamizi. Upachikaji ulioisafisha aksheni ndio uliomfungulia mtu wa nje njia hadi katikati ya nyumba, kwa sababu tuliacha mlango wa ndani wazi.

Tumefanya mambo matatu. Metodi zote za kutolea huduma zimefutwa. Ukurasa ukitaka bei, aksheni huisoma na kuiweka katika kigeu chake yenyewe kama namba tupu. Metodi ya kuwekea bei imeondolewa katika huduma, na bei sasa hubadilishwa kupitia kazi moja inayodai cheo cha msimamizi. Tatu, tumewasha sharti la alama: tangu toleo la 6.4 Struts ina alama ya @StrutsParameter, na ukiweka struts.parameters.requireAnnotations kuwa true, parameta haiwekwi mahali popote pasipo na alama hiyo. Kazi ya kuitia alama kila metodi inayostahili imetuchukua mchana wote, na ni kazi ya kuchosha, lakini kwa mara ya kwanza ninaweza kuinyooshea kidole orodha ya vitu ambavyo karani anaruhusiwa kuvigusa na kusema ni hivi tu. Katika Struts 7 sharti hilo huwa limewashwa tangu mwanzo. Toleo hilo hudai Java 17 na vifurushi vya jakarta mahali pa javax, ambavyo Tomcat 9 haivijui, kwa hiyo tutalifikia baada ya msimu huu.

Nimepitia kumbukumbu za bei za seva halisi tangu mfumo ulipoanza. Hakuna badiliko lisilo na mwenyewe.

Jumanne, kuamkia bamvua

Kabla ya kuweka toleo hili kwenye seva nimeandika majaribio mawili ambayo hayamhitaji mtu wa kubonyeza.

La kwanza linatokana na ukweli kwamba Spring haiziumbi bini za prototaipu inapoamka. Huzisubiri hadi ziombwe. Maana yake, hata kwa konstrakta, huduma iliyosahauliwa ingeweza kujificha hadi karani afungue ukurasa huo. Basi jaribio linaliamsha kontena zima, linaliomba orodha ya bini zote za aina ya ActionSupport, na kuomba kila moja mara mbili. Ikishindwa kuzaliwa, jaribio linaanguka. Ikizaliwa na mara ya pili kikaletwa kitu kilekile, jaribio linaanguka pia, na kuitaja kwa jina. Nililijaribu jaribio lenyewe kwa kuliondolea neno prototype aksheni ya upokeaji. Likaanguka mara moja na kuandika aksheniUpokeaji. Nikalirudisha neno.

La pili linaanzisha thredi 4, moja kwa kila kituo, kila thredi ikiingiza magunia 200 yenye uzito unaojulikana, na mojawapo ikikosea makusudi kila gunia la tano. Mwisho linahesabu kama kila mkulima ana kilo zake na si za jirani yake. Huduma bandia inayoshika kumbukumbu tunaikabidhi kupitia konstrakta, bila hifadhidata na bila Tomcat, na jaribio lote huisha kabla hujamaliza kunywa funda la chai.

Toleo limewekwa kwenye seva saa kumi na moja jioni.

Jumapili, siku ya mizani

Nimeshinda Tumbe leo, nimekaa nyuma ya karani kwenye benchi, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Saa nne na dakika kumi aliandika 427 akikusudia 42.7. Fomu ikamkatalia. Akanitazama. Akaweka nukta, akabonyeza, na stakabadhi ikatoka. Nikampigia wa Kiuyu hapo hapo. Alikuwa katikati ya gunia na hakuwa ameona ujumbe wowote.

Hadi saa tisa alasiri vituo vinne vilikuwa vimepokea magunia 611, na logi ina namba tofauti ya aksheni kwa kila ombi. Miunganisho ya hifadhidata haikupita 10 wakati wowote. Tumelinganisha na madaftari manne ya karatasi, mstari kwa mstari, mimi nikisoma na karani akitia alama kwa kalamu nyekundu, hadi magharibi. Zimelingana zote. Bibi katibu ameagiza madaftari ya karatasi yaendelee kwa bamvua nne zijazo, nami nimekubaliana naye.